Kutu ya Sanduku la Mbolea

Nyumbani kwetu rangi ya planta ilijadiliwa kabla ya kutu yake. Baba aliinunua mwezi wa nane kwenye mnada wa shamba moja kubwa lililokuwa likiuza zana zake chakavu, akaivuta kwa trekta hadi kwetu, tambarare ya chini ya Himo, na kabla pini haijachomolewa mabishano yalikuwa yameshapamba moto. Baba alitaka nyekundu. Mama alitaka kijani, maana stoo kulikuwa na kopo lililobaki tulipopaka geti. Mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa amemaliza chuo na bado anasubiri ajira, alitaka rangi ya kung'aa ya magari. Bibi, ambaye alikuwa ameteremshwa kutoka kihambani, kule juu mlimani, ili awe karibu na hospitali, aliwasikiliza wote akiwa kibarazani, kisha akasema tuipake oili chafu, tuiegeshe kivulini, tukalime.

Hakuna aliyekuwa ameinama kutazama chini ya masanduku ya mbolea.

Planta ilikuwa ya mistari miwili, ya kufungwa nyuma ya trekta: fremu ya chuma kinene, masanduku mawili ya mbegu, mawili ya mbolea, cheni za kuzungusha sahani za mbegu, na visu vya kuchana mifereji. Kwa mbali ilikuwa zana nzuri, na mpaka leo nasema Baba hakupunjwa kwenye bei. Fremu ilikuwa na kutu nyembamba ya kahawia, ile inayoacha unga kidoleni ukiigusa. Visu vilikuwa na kutu ya kulala msimu mmoja, ambayo udongo wenyewe huifuta kazi ikianza. Lakini masanduku ya mbolea yalikuwa yameachwa na mbolea ndani. Mbolea zetu za viwandani ni chumvi. CAN hasa huvuta unyevu wa hewa mpaka ikalowana yenyewe, jua likiwaka inaganda, usiku inalowana tena. Chuma kilichokaa chini yake kilikuwa kimefumuka magamba juu ya magamba. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana inainuka na kusukuma kila kitu kilicho juu yake. Mdogo wangu aligonga kwa bisibisi, gamba likaanguka, na chini yake kukawa na jingine.

"Hiyo itafunikwa na rangi," Baba alisema.

Sentensi hiyo ilitugharimu vuli nzima na Krismasi.

Kuhusu wekundu, Baba anastahili kueleweka. Trekta letu ni Massey Ferguson 135 alilotuachia Babu, na kwa watu wa rika la Baba rangi hiyo ina heshima yake. Harry Ferguson mwenyewe alikuwa mtu wa kijivu: TE20 yake, iliyotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, zaidi ya matrekta 500,000, ilitoka kiwandani ikiwa ya kijivu. Mwaka 1953 kampuni yake iliungana na Massey-Harris ya Kanada, ambayo matrekta yake yalikuwa mekundu, na watoto wa ndoa hiyo wakarithi pande zote mbili: boneti na madigadi mekundu, injini na giaboksi za kijivu. MF 135, iliyoanza kuuzwa mwaka 1964, ilitoka na sura hiyo. Baba anaamini zana inayofungwa nyuma ya trekta jekundu ikiwa ya rangi nyingine, shamba zima linaonekana la kuazima. Mama alimjibu kwamba mahindi hayaulizi rangi ya planta iliyoyapanda. Wote wawili walikuwa na hoja, na hoja zote mbili zilihusu koti la mwisho, lile la juu kabisa.

Jumamosi iliyofuata tukaenda Moshi mjini, Baba, mdogo wangu, na mimi ninayeshika daftari la shamba. Muuzaji wa duka la rangi alikuwa mtu mwelewa. Hakuanza na bei. Aliuliza, "Mtasafishia nini?" Baba akasema brashi ya waya, msasa, na grenda ya mdogo wangu. Muuzaji akarudisha rafuni kopo moja zito la kijivu ambalo Baba alikuwa amelishika kwa matumaini. Lilikuwa praima ya zinki. Imejaa unga wa zinki, na zinki hiyo hukubali kuoza yenyewe ili chuma kisioze. Lakini ni lazima iguse chuma kitupu. Kwenye kopo ilikuwa imeandikwa Sa 2½, alama inayotoka kwenye kiwango cha kimataifa cha ISO 8501-1, kinachopanga usafi wa chuma kwa picha. Herufi za Sa maana yake chuma kimepigwa mchanga au chembe nyingine kwa upepo wa kompresa. Brashi na grenda hupimwa kwa St, na hata St 3, ambayo ni kazi ya kutoa jasho, haifikii pale zinki inapotaka. Ukiipaka juu ya mabaki ya kutu umenunua rangi ya kijivu ya bei mbaya.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo nimelishikilia tangu siku hiyo. Praima haichaguliwi kwa kuuliza ipi ni bora. Inachaguliwa kwa kuuliza chuma chako utakisafisha mpaka wapi, na baada ya hapo kitaishi na nini.

Yalibaki makopo mengine mezani. Redoksaidi, ile praima nyekundu ya kila geti na kila paa Tanzania nzima, ni ya mafuta, ni rahisi, na inavumilia chuma kilichosuguliwa kwa mkono. Wekundu wake ni oksaidi ya chuma iliyosagwa, ndugu wa damu wa kutu yenyewe, isipokuwa huyu ameshamaliza kuoza na hana madhara. Kazi yake ni kuziba njia ya maji na hewa, basi. Kulikuwa na epoksi ya makopo mawili, kopo la rangi na kopo la hadina, bei yake mara kadhaa ya redoksaidi, na ndani yake nguvu ya kustahimili kemikali. Kulikuwa pia na chupa ya dawa ya kugeuza kutu, yenye asidi ya tanini, inayoifanya kutu iliyobaki mashimoni kuwa nyeusi na tulivu. Baba alitazama epoksi, akatazama bei, akachukua redoksaidi, rangi nyekundu ya mafuta na thina. Muuzaji hakuuliza zana yenyewe ilibeba nini, na sisi hatukumwambia.

Mdogo wangu alianza kazi kwa moyo wote. Grenda yenye kikombe cha waya ililia kutwa, na rangi ya zamani, njano chini ya buluu chini ya nyekundu, ikaanza kuruka uani. Bibi ndiye aliyeona kuku wanadonoa vipande. "Nani anawapa kuku rangi?" aliuliza, na sauti yake haikuwa ya utani. Nilisimamisha kazi hapohapo. Rangi za zamani za zana na magari mara nyingi zilichanganywa na madini ya risasi, hasa nyekundu, njano na machungwa, na Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini mwa mtoto. Uani kwetu kuna wajukuu wawili wanaotambaa. Kuanzia hapo rangi ya zamani ilikwanguliwa ikiwa imelowanishwa, msasa wa maji ukatumika badala ya waya mkavu, turubai likatandikwa chini, na kila kipande kikakusanywa. Mdogo wangu alinung'unika kwamba kazi imekuwa ya polepole. Ilikuwa ya polepole, na sitaifanya kwa namna nyingine.

Lakini masanduku ya mbolea hayakuoshwa. Yalisuguliwa. Ndani ya sanduku kikombe cha waya hakikung'oa kutu yote. Kiliipiga pasi, ikawa kahawia ya kung'aa, laini kwa mkono, na Baba alipoipitishia kiganja akaridhika. Mashimo madogo ya chuma yalikuwa bado na chumvi ndani yake, na waya unaozunguka hauitoi chumvi shimoni, unaishindilia. Redoksaidi ikapakwa. Nyekundu ikafuata. Nakiri kwamba ilipendeza. Jua la jioni likaipiga, Baba akapiga picha, picha ikaenda kwenye kundi la ukoo, na shangazi wa Arusha akauliza kama ni mpya.

Vuli ilipoanza, planta ilikuwa chini ya paa la banda, hakuna tone lililoigusa, lakini hewa ilikuwa na maji. Mama alikuwa wa kwanza kuona malengelenge. Yalikuwa kwenye masanduku ya mbolea peke yake, upande wa ndani na pembezoni mwa midomo, madogo, ya duara, yamejipanga. Fremu haikuwa na hata moja. Mama alichomoa sindano kwenye kitambaa alichokuwa anashona, akatoboa lengelenge moja, na maji yakatoka. Alinusa kidole.

"Baba Mkubwa," alisema, maana ndivyo anavyomwita Baba anapotaka kusikilizwa, "hii ni mbolea."

Kilichotokea ni hiki. Koti la rangi, hata zuri, si kioo. Mvuke wa maji hupenya taratibu. Chini yake kukiwa safi, mvuke hauna sababu ya kubaki. Kukiwa na chumvi, chumvi inauita, inalowana, inavuta zaidi, mpaka pale chini panakuwa na kijidimbwi kinachosukuma rangi juu. Ndani ya kijidimbwi hicho maji yana chumvi, na maji ya chumvi hula chuma haraka kuliko maji ya mvua. Kutu ilikuwa ikiendelea chini ya nyekundu ya Baba kwa raha zaidi kuliko ilivyokuwa uchi mnadani. Rangi ilikuwa imeifungia kutu ndani pamoja na chakula chake.

Baba hakukubali. Alisema redoksaidi ilikuwa mbovu. Na kwa kuwa Krismasi ilikuwa inakaribia, na nyumba yetu, kama nyumba nyingi za Kilimanjaro, hujaa Desemba hata watoto wakalala kwenye mikeka ukumbini, alitaka planta iwe imesimama vizuri ndugu wakifika. Akamleta fundi wa gereji mwenye kompresa na bunduki ya rangi. Mdogo wangu alifurahi kupita kiasi, maana rangi aliyoitaka tangu mwanzo ndiyo iliyokuja: ile ya magari, ya selulozi, inayokauka ukiitazama.

Fundi alifika siku ambayo Baba Mdogo alikuwa ameshaingia kutoka Dar es Salaam na gari lake jeupe, limeoshwa vumbi la safari, limeegeshwa kando ya banda. Kwenye kamba kulikuwa na majoho ya kwaya. Mama ni mtunza majoho wa usharika wetu, na wiki ya Krismasi yote hufuliwa kwetu. Nilimwambia fundi upepo unaelekea kwenye nguo. Alisema atapiga karibu. Nilimtafutia barakoa, akajifunga kitambaa puani. Mdogo wangu akaja na kijikopo cha hadina alichopewa na rafiki yake, akitaka kimiminwe ili rangi ing'ae zaidi, na hapo nilikataa kwa sauti ambayo Baba Mdogo aliisikia akiwa sebuleni. Hadina za rangi za magari nyingi zina aisosayaneti, na ukungu wake ukivutwa huweza kumwachia mtu pumu ya maisha. Kitambaa cha pamba hakizuii kitu. Hadina haikuingia kwenye rangi ile, na kwa hilo peke yake siku ile haikuwa hasara tupu.

Thina ya selulozi ni kali. Rangi ya mafuta, hata ikiwa na miezi mitatu na mkono ukiona imekauka, bado haijakomaa chini. Fundi alipopiga koti la kwanza jepesi hakukuwa na shida. Alipopiga la pili, lenye maji zaidi, nyekundu ya chini iliamka. Ilivimba, ikalegea, ikajikunja kuanzia kwenye kona za fremu kuelekea katikati kama utando wa maziwa yaliyochemka, na sisi sote tumesimama tunaitazama. Fundi aliongeza rangi kujaribu kuifunika. Ikajikunja zaidi. Kanuni ambayo mafundi wazuri wanaijua ni kwamba rangi yenye thina kali inaweza kukaa chini ya rangi yenye thina laini, na kinyume chake hakifai. Selulozi juu ya mafuta ni kinyume chake.

Kisha Baba Mdogo akatoka nje. Upande wote wa kushoto wa gari lake ulikuwa na madoa mekundu madogo ya rangi. "Kaka," alimwambia Baba polepole, "hili gari narudi nalo Dar." Walilifanyia kazi pamoja mpaka usiku, kaka na mdogo wake, kwa maji ya sabuni, kitambaa laini na polishi ya kusugulia, na rangi nyingi ilitoka kwa kuwa ilikuwa imeshaanza kukauka hewani kabla ya kutua. Nguo hazikuwa na bahati hiyo. Majoho matatu yalibaki na vumbi jekundu mabegani. Mama hakusema neno. Siku ya ibada alivaa mojawapo yeye mwenyewe, akasimama mstari wa mbele sehemu yake ya sauti ya pili, na Baba akakaa benchi akimtazama kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho.

Januari Baba aliniita kibarazani, Mama akiwepo, Bibi akiwepo. Alisema, "Mwanangu, upandaji ni katikati ya Machi. Niambieni ninyi." Nilisema tuanze na maji. Mama akasema hilo yeye atalisimamia, kwa kuwa anajua kuosha.

Na kweli alijua. Masanduku ya mbolea yalifunguliwa kwenye fremu, nati zilizogoma zikakatwa. Rangi yote ya ndani ikakwanguliwa, magamba yakagongwa mpaka nyundo ikatoa sauti ya chuma. Kisha maji ya moto na sabuni, brashi ngumu, suuza, jua. Chuma kikikauka Mama anainama kutazama: palipobaki chumvi hujitokeza alama nyeupe, na alfajiri, kabla ya umande kushika kila mahali, pale penye chumvi panakuwa pameshalowana peke yake. Aliosha tena. Mdogo wangu alimuuliza mara ngapi inatosha. Mama akamwambia ataacha chuma kikiacha kulowana alfajiri, na akaendelea mpaka hivyo. Sijaona popote kwenye kazi hii yote hatua yenye faida kubwa kuliko hiyo, na ndiyo hatua isiyo na gharama, isipokuwa kuni na mgongo.

Sanduku moja lilikuwa limetoboka chini. Fundi wa kuchomelea alikata sehemu iliyooza, akaweka kiraka.

Cheni zilikuwa na matatizo yao. Zilikuwa zimekakamaa kabisa, na Baba alitaka kununua mpya. Mama akasema ana molasi. Kwetu ni kitu cha kila siku, maana kiwanda cha sukari cha TPC kiko hapo chini ya Moshi, na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanachanganyia majani makavu. Molasi ikichanganywa na maji, kipimo kimoja kwa tisa, huishika kutu na kuiyeyusha pole pole, ikiacha chuma kizima. Haiunguzi mikono. Cheni zilizamishwa kwenye jaba, na hapo tukajifunza kwamba jaba la molasi lazima liwe na kifuniko, kwa sababu nyuki walikuja kutoka mizinga ya jirani na nzi wakaja kutoka kila mahali. Mchanganyiko ulianza kuchacha na kutoa harufu ambayo wageni walidhani ni ya pombe ya mbege iliyoharibika. Baada ya wiki mbili hivi tulizitoa cheni zikiwa za kijivu na zinapinda. Ni lazima zisuuzwe na kupakwa oili siku hiyohiyo. Chuma kilichotoka kwenye molasi kinaota kutu mpya mbele ya macho yako kikiachwa na maji. Vitu vya alumini havifai kuingia humo, vinaliwa. Mdogo wangu alikuwa ameshainua ndoo ya molasi iliyotumika kuipeleka bandani kwa ng'ombe, asiitupe. Bibi alimwita kwa jina lake la ubatizo, ambalo hulitumia mara chache sana, na ndoo ikateremshwa.

Sasa praima. Kwa masanduku ya mbolea nilimwomba Baba anunue epoksi, kopo dogo, na alikubali bila kuuliza bei mpaka tulipofika kaunta. Sababu ni ile ya muuzaji, ikakamilishwa na ile ambayo hakuiuliza: masanduku yale yataishi na chumvi maisha yao yote, na rangi ya mafuta haikuumbwa kwa maisha hayo. Mashimo yaliyobaki na weusi wa kutu yalipakwa kwanza dawa ya tanini, ikaachwa ikauke, ikasuguliwa kidogo; nilihakikisha kwenye maelezo ya kopo kwamba epoksi yetu inakubali kukaa juu yake, maana si zote zinakubali. Epoksi inachanganywa kwa kipimo kilichoandikwa, na ikishachanganyika saa inaanza kuhesabu. Ukichanganya kopo zima siku ya joto, rangi itaganda na kopo litapata moto mkononi. Mama alipima kwa kikombe, kidogo kidogo. Alinipa brashi nyembamba nianze na kingo, maungio ya kuchomelea na vichwa vya bolti kabla ya kupaka sehemu pana. Rangi ikikauka hujivuta na kukimbia kingo kali, ikabaki nyembamba palepale kutu inapopenda kuanzia, kwa hiyo kingo hupewa koti lao la ziada.

Tulipaka kati ya saa nne na saa sita, asubuhi umande ukishaondoka na kabla chuma hakijachomwa na jua. Wataalamu wanataka unyevu wa hewa usizidi asilimia 85, na chuma kiwe na joto angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande hutunga. Hatukuwa na kipimo. Tulikuwa na kiganja cha Mama na kitambaa kikavu: akifuta, akitazama kitambaa, akisema bado, tulingoja. Ndani ya masanduku ilibaki epoksi tupu, kwa kuwa mfuniko unaikinga na jua. Nje, ambako jua huichosha epoksi ikatoa unga mweupe, ilipigwa msasa mwepesi na kupakwa nyekundu.

Fremu haikuhitaji haya yote. Haikuwa na chumvi. Tulikwangua makunyanzi ya Krismasi, tukapiga msasa, tukarudisha redoksaidi, tukaipa siku zake za kukomaa, na nyekundu ya mafuta ikafuata kwa brashi, kwa thina yake yenyewe. Chuma kile kimekaa vizuri mpaka sasa na sioni kwa nini mtu atumie pesa ya epoksi kwenye fremu isiyoguswa na mbolea.

Visu havikupakwa rangi kabisa, na hapa Bibi alishinda. Babu aliwahi kuendesha trekta Kongwa, kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza wa kuanzia 1947 hadi 1951, ambako udongo wenye mchanga mkali ulikuwa ukila majembe ya matrekta kama msasa. Alikuwa akimwambia Bibi kwamba chuma kinachoingia ardhini hung'arishwa na ardhi, na rangi juu yake haifiki mwisho wa mstari wa kwanza. Rangi ikianza kubanduka udongo unaganda kwenye makovu yake, na kisu kinaburuza badala ya kuchana. Kwa hiyo visu vilifutwa, vikapakwa grisi, na siku ya kwanza ya kupanda tukaifuta isichafue mbegu.

Planta ilipanda mwezi wa tatu. Jioni ya siku ya mwisho, trekta likiwa bado linanguruma, Mama alikuwa amesimama na bomba la maji mkononi akingoja masanduku yafunguliwe. Mbolea iliyobaki ilirudishwa kwenye mfuko, masanduku yakaoshwa, yakaachwa wazi yakauke, na kazi hiyo sasa ni sehemu ya kupanda. Kibarua halipwi kabla haijaisha. Nimeyakagua tangu hapo kila mara hewa inapobadilika. Kuna mkwaruzo mmoja pale koleo lilipogonga, niliusugua na kuuziba.

Sasa Baba amehamia kwenye tela. Lina sakafu ya mabati na kuta za chuma cheusi, na tayari amenunua nyekundu ya mafuta ya kutosha yote. Nimemweleza kwamba mafuta ya rangi yakikaa moja kwa moja juu ya zinki ya bati hugeuka sabuni taratibu, na rangi inabanduka kama karatasi bila hata kutu kuhusika. Sakafu itahitaji praima iliyoandikwa kwamba ni ya mabati, au iachwe kama ilivyo, ioshwe tu kila baada ya kubeba mbolea. Amechagua iachwe. Kuta zitakuwa nyekundu, na Mama ameshachemsha maji ya kuziosha.